Usicheke Akisema Ni Kuni

Chebet mwanangu,

Mama yako amekwisha kusema ya kusema. Blanketi, maji ya huko Kamere, Naivasha, yanayoharibu meno, kufuli ya mlango, wanaume wa pale mtakapokuwa mnafunga maua, na ile sweta ya kijani ambayo hata ukiikataa utaikuta ndani ya begi. Mimi huko sina la kuongeza. Nimekaa jikoni kuandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumapili. Leo nimejaribu kukuambia kwa mdomo zaidi ya mara moja, na kila nikianza unaniuliza kama nimeona chaja yako.

Ni habari ya gitaa.

Jumapili, mbele ya watu waliokuja kukuaga, ulitangaza kwamba siku ya kuondoka, kabla ya kupanda gari la Naivasha, utapitia Bondeni pale Nakuru na Anko Sila akusaidie kuchagua gitaa kwa hizo pesa za kuku wako. Sila akapiga paja. "Huyu nitamtafutia gitaa moto, na kwa bei ya kutupa," akasema, na watu wakapiga makofi. Mama yako akaniangalia. Mimi nikasema asante, nikashika chupa ya chai nikaanza kuwamiminia watu ambao vikombe vyao vilikuwa vimejaa.

Niliumia. Najua hukujua kitu, na bado niliumia kana kwamba ulijua. Kama kuna mtu ambaye sikutaka aingie Bondeni na mtoto wangu kununua gitaa, ni huyo, na wewe ukamchagua mwenyewe huku unacheka. Hungejua, kwa sababu hapa nyumbani jambo hili halijawahi kutajwa mbele yako. Kesho asubuhi mtaondoka naye, kwa hivyo nataka ulijue sasa.

Wewe unamjua Sila kama mpiga gitaa wa kanisa letu, jirani wa ng'ambo ya mahindi, mtu aliyekuonyesha mahali pa kuweka vidole ukiwa bado huwezi kuzungusha mkono kwenye shingo ya gitaa. Mimi namjua tangu tukichunga pamoja na kugawana kiazi kimoja cha kuchoma. Tuliingia kwaya siku moja. Tukiimba, watu walikuwa wanauliza kama sisi ni mapacha. Sikuwa na ndugu wa kiume, na sikuwahi kuhisi upungufu huo, kwa sababu Sila alikuwepo.

Sasa nikueleze jambo la mnadani, kwa maana hujawahi kununua ng'ombe. Huku kwetu Rongai mtu haendi mnadani peke yake. Unaenda na mwenzako, na kazi ya mwenzako ni kutukana ng'ombe. Wewe ukimpenda, unanyamaza na kuangalia mawingu. Mwenzako ndiye anayemzunguka, anamshika mkia, anamwambia mwenyewe, "Mzee, huyu unauza ama unampeleka hospitali?" Mwenye ng'ombe anakasirika, nyinyi mnacheka, mnaondoka kama watu wasiohitaji kitu. Baadaye mnarudi, na bei imeteremka. Kila mtu anajua mchezo huu, hata mwenye ng'ombe, na bado unafanya kazi. Na hakuna mtu aliyekuwa na mdomo kama wa Sila. Ng'ombe wa mahari niliowapeleka kwa kina mama yako, karibu wote Sila alinitukania. Kuna mmoja alimwita mbuzi mgonjwa mpaka mwenyewe akatuuzia ili tu tumwondokee. Huyo ng'ombe babu yako alimsifu mpaka alipokufa.

Kwa hivyo mwaka ambao mahindi yalikubali na nikabakiwa na kitu kidogo, kidogo sana, nikaamua kununua gitaa, sikufikiri mara mbili ni nani nitaenda naye. Mama yako alikuwa na mimba yako. Nilitaka uzaliwe katika nyumba yenye muziki. Usinicheke, ndivyo nilivyokuwa nafikiri wakati huo.

Pale Bondeni kulikuwa na fundi mmoja wa redio, ana chumba chembamba, na ukutani ametundika magitaa ambayo watu wamemletea ayauze. Yalikuwa machache. Moja jekundu, jingine jeusi lenye maua, na pembeni kabisa lilikuwepo la kahawia ambalo rangi ilikuwa imebanduka. Karibu na tundu lilikuwa na alama ya kuungua, kama mtu aliwahi kusahau sigara pale. Nyuzi zake zilikuwa na kutu. Nililishika hilo mwisho, kwa sababu tu lilikuwa limebaki.

Nikapiga uzi mmoja, ule mnene.

Chebet, sijui niliandikeje hili. Nilikuwa nimelikumbatia, mgongo wa gitaa umegusa kifua changu, na ile sauti sikuisikia kwa masikio kwanza. Niliisikia mbavuni. Ikakaa. Nikangoja ikatike, haikutaka kukatika. Yale mengine mawili ukiyapiga yalikuwa yanapiga kelele halafu yananyamaza ghafla. Hili lilikuwa linaongea polepole na linamaliza maneno yake. Nikamwangalia Sila. Na Sila alikuwa ameacha kutafuna njugu. Hicho ndicho nilichokiona na nisikielewe: alikuwa na njugu mdomoni na hatafuni.

Halafu akalichukua mikononi mwangu, akaligeuza, akalinusa hata.

"Hii ni kuni," akasema. "Na si kuni ya maana. Hata ugali haiwezi ivisha."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilifikiri tuko mnadani.

"Boss, hiyo ni mali," fundi akasema. "Usiangalie rangi."

"Mali gani? Shingo imepinda, ona. Hii mtu akipiga kwa kanisa, waumini watatoka nje wakidhani ni mbwa." Na mimi nacheka. Yule fundi akalitundika tena kwa hasira, nami ndani ya roho nasema, Sila wangu, hata hapa ananisaidia.

Nje akanishika bega. "Wacha ilale hapo. Wiki ijayo tunarudi, atatuomba tuichukue." Akasema anapita kumsalimia shangazi yake kwenye zile nyumba za kaunsili, nitangulie tu. Nikarudi Rongai peke yangu, nimefurahi, vidole vinanicheza juu ya goti. Nilimwambia mama yako gitaa limepatikana. Nilimwambia hata mahali litakapokaa, pale kwenye pembe karibu na kabati, mbali na jua.

Jumapili iliyofuata nilichelewa kanisani kwa sababu ndama alikuwa ametoroka. Nikiwa bado nje, kabla sijafika mlangoni, nikasikia uzi mnene umepigwa mara moja. Niliijua ile sauti kabla sijaona kitu. Nilisimama kwenye nyasi, Biblia mkononi. Nilipoingia, Sila alikuwa amekaa mbele, gitaa la kahawia limemlalia kwenye paja, ile alama ya kuungua inaniangalia. Alikuwa ameweka nyuzi mpya. Watu walikuwa wanalia kwa uzuri. Mimi pia nililia, na dada mmoja akanipa kitambaa akidhani nimeguswa na Roho.

Nilimngoja chini ya tangi la maji.

"Sila, hiyo ni gitaa yangu."

"Yako aje? Si wewe uliikataa?"

"Ni wewe ulisema ni kuni!"

"Na wewe ukacheka," akaniambia. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Mtu akicheka kitu, amekikataa. Ng'ombe ukimkataa mnadani na mwingine amchukue, utaenda kumshtaki?"

 Mpaka leo natafuta jibu la maneno hayo, kwa sababu ukiyaangalia hivi yanakaa kama kweli. Nilienda tena Bondeni kumuuliza fundi. Akanionea huruma. "Yule mwenzako alirudi siku ile ile, mzee. Hata kiti mlichokuwa mmekalia hakikuwa kimepoa. Nilijua amekuja kukununulia." Hapo ndipo nilipojua hakukuwa na shangazi.

Wengine waliniambia ni mbao tu na nyuzi. Mchungaji wa wakati huo alitushikanisha mikono mbele ya wazee, na tukashikana. Mikono tu. Ningeweza kumsamehe mtu aliyenivunjia ghala. Huyu aliniangalia nikipenda kitu, akajua nimekipenda, na akatumia imani yangu kwake kunitoa mlangoni. Tena akanitoa huku namshukuru. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa.

Ndipo nikafanya ujinga wangu. Sikutaka tena kwenda na mtu. Nikaingia peke yangu duka kubwa la mjini Nakuru, nikanunua lile la bluu unalolijua, jipya, linalong'aa, na mfuko wake na mkanda wake. Nililinunua kwa macho. Nilitaka Sila alione. Sikulipiga hata uzi mmoja dukani, niliona haya mbele ya wale vijana wa kuuza. Nilipofika nyumbani na kulipiga lilitoa sauti ya debe lililoanguka. Nyuzi zimekaa juu ya shingo mpaka kalamu ingepita chini yake, na nilizibonyeza mpaka ncha za vidole zikapasuka. Ukilikaza jioni, asubuhi limelegea. Nilivumilia msimu mmoja, halafu nikalitundika sebuleni chini ya kalenda, na wageni wakalisifu kwa rangi yake.

Na wewe ukakua. Ulikuwa unapanda kwenye kiti unalitekenya. Siku moja ulirudi kutoka kwa kina Sila, mdomo umejaa maandazi ya kwao, ukaniuliza, "Baba, mbona yetu haiongei kama ya Anko?" Mama yako akatoka kwenda kuangalia nguo ambazo hazikuwa kwenye kamba. Mimi nikakuambia yetu imezeeka. Unakumbuka? Lilikuwa bado linang'aa.

Ungeweza kuuliza kwa nini nilikuruhusu kwenda kwake kila Jumamosi. Kwa sababu lile gitaa lilikuwa huko. Sikuwa na lingine la kukupa lenye sauti ya kweli, na masikio ya mtoto yakizoea debe, yatapenda debe. Nilikuwa nasimama kwenye mahindi, jembe mkononi, nakusikia ukijifunza, na ningeweza kutofautisha mkono wako na wake. Sila hakuwahi kunitoza kitu, na alikufundisha vizuri. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na kusema kweli juu yake kunanichosha. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya kila mahali.

Jumapili ya kukuaga, alipoondoka, nilimsindikiza mpaka kwenye lango. Nikamuuliza, "Huyu mtoto utamchagulia vile ulinichagulia mimi?"

Aligeuka akaniangalia. Nilidhani atasema neno. Neno moja lingetosha, Chebet, hata nusu yake. Halafu akacheka.

"Aii, ndugu yangu. Bado uko na hiyo maneno? Hiyo ni mambo ya kitambo."

"Kwangu si ya kitambo."

"Tuliza roho," akasema, akanishika bega pale pale aliponishika siku ile nje ya duka la fundi, akaenda zake anapiga mluzi.

Lakini kuna neno jingine alilisema mapema, wakati wa chai, na wewe ulimwambia pole na ukasahau. Alisema paa lake lilivuja mvua hii iliyopita na gitaa lake limepasuka tumboni, haliongei tena. Akasema, "Hata mimi nikifika huko nitaangalia kama kuna kitu." Wewe ulisikia habari ya paa. Mimi nilisikia njugu zikiacha kutafunwa.

Kwa hivyo kesho mtaingia duka lile lile watu wawili, wote mnatafuta gitaa, na mmoja wenu amewahi kufanya alichokifanya. Huenda mtoto wa yule fundi ndiye anauza siku hizi, sijui. Sitakukataza kwenda. Umeshaahidi, na wewe si mtoto. Nami sitakuja. Nikisimama tena na Sila mbele ya ukuta ule, sijui mdomo wangu utatoa nini, na sitaki siku yako ya kuanza kazi ianze na wazee wawili wakishikana mashati Bondeni. Nitakusindikiza mpaka stage ya magari pale Rongai, nirudi kwa ng'ombe.

Sikiza basi. Pesa zako ni chache, na duka la vioo litazila zote likupe rangi. Waachie wenye nyumba za kupamba. Nenda kwa yale ambayo yameshapigwa na watu. Mikwaruzo haina sauti, isikutishe. Ufa ndio wa kuogopa, hasa pale nyuzi zinapofungiwa chini ya tundu, maana hapo ndipo gitaa linabeba mzigo wake. Shingo iangalie kwa jicho moja kutoka kichwa cha gitaa, vile mama yako alivyokuwa anaangalia mbao za jiko kama zimenyooka. Bonyeza kila mahali, uzi baada ya uzi, upate kusikia kama kuna unaonguruma kama nzi kwenye chupa. Nyuzi ziwe karibu na shingo. Usijidanganye kwamba vidole vyako vitazoea. Vidole havizoei gitaa baya, vinaliacha tu, na mtu anaanza kusema hana kipaji.

Kutu kwenye nyuzi isikurudishe nyuma. Kutu ni rafiki wa mwenye pesa kidogo, kwa sababu inafukuza wengine. Nimekununulia nyuzi mpya, ziko mfuko wa kando wa begi, zimefungwa ndani ya soksi. Usizitoe dukani. Utazivalisha ukifika Kamere, mlango umefungwa.

Halafu kumbatia gitaa, mgongo wake kifuani, upige uzi mnene mara moja na ungoje. Usipige wimbo. Wimbo unadanganya, mikono yako imekwisha kuwa mizuri na utasikia mikono yako badala ya gitaa. Ngoja tu uzi unyamaze wenyewe. Ukilipata lile lenye kukusemesha mbavuni utajua, sina haja ya kukueleza zaidi. Hapo usitabasamu na usiangalie mtu, na hasa usimwangalie yeye. Liweke chini, peleka mkono mahali pesa zilipo, umuulize kwa adabu, kama unavyomuuliza siku zote, "Anko, hii ni aje?"

Akisema ni nzuri, akasema, "Chukua, mwanangu, hii ndiyo," basi nunua, na unipigie simu hapo hapo kutoka barabarani. Nitavaa viatu niende kwake, nimngoje kwenye lango arudi, na safari hii nitampa mkono pamoja na moyo wangu, si mkono tu kama siku ile mbele ya wazee. Nakuambia ukweli, natamani simu hiyo kuliko unavyotamani gitaa.

Lakini akilichukua mikononi mwako, akaligeuza, akasema, "Hii ni kuni," usicheke, Chebet. Mimi nilicheka. Wewe lipa.

Baba yako.